Waya Mweusi wa Pikapu

Juzi, pale Kilindoni, nilimwona fundi akikwangua rangi chini ya kiti cha gari ili akaze waya, nikakumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Utende.

Baba alikuwa ameifungua amplifaya ya pikapu yake mkekani, ukumbi mzima unanuka risasi ya kuchomelea. Haikutoa sauti, na lawama alilitwika gunia la mwani ambalo mama alilipakia garini likivuja maji chumvi.

"Mwani wako umeniulia muziki," alimwambia.

Mama alichukua gunia tupu. Alikwenda pwani kwa miguu.

Baba alichomelea, akapuliza, akairudisha garini, bado haikulia. Mwishowe akaufungua waya mweusi wa kurudisha umeme, alioufunga mwenyewe kwenye bati la gari, juu ya rangi. Sasa najua umeme haupiti kwenye rangi. Akakwangua kwa kisu, akaufunga tena, na taarabu ikalia mpaka vioo vikatetemeka. Nikacheza.

Ndipo mama akatokea, gunia kichwani, maji yakimtiririka usoni. Baba akazima upesi.

"Mbona umezima, Baba Asha?"

Baba akainama, akaanza kukunja mkeka.

Mimi wakati ule nilidhani wimbo ule haukumpendeza baba.