Siku Niliyonyoosha Njia za Mkwe Wangu

Aibu hii ningeweza kuificha, lakini ghala zima lilishuhudia na Tabora ni mji wa watu wanaojuana, kwa hiyo afadhali mlisikie kwangu mwenyewe, na nianze kwa kusema kwamba kosa halikuwa la mashine, wala la umeme, wala la yule kijana wa watu. Lilikuwa langu.

Kijana mwenyewe ni Shija, mchumba wa binti yangu Nyamizi. Alikuwa ametengeneza mashine yenye kamera, unaiwekea jani la tumbaku inakuambia ni la daraja gani, maana wakulima wetu kila msimu hugombana na wapanga madaraja, huyu anasema la kwanza, yule anasema la tatu. Chama cha wakulima cha kijiji kimoja, kando ya njia ya zamani ya misafara, kilikubali kuijaribu. Wakiipenda, Shija angepata kazi na kubaki huku. Wakiikataa, angerudi Dar es Salaam, na Nyamizi angemfuata (na mimi binti ninaye huyo mmoja tu).

Siku moja kabla ya majaribio alikuja kwangu Ipuli mchana. Kwa kuwa mkwe hapaswi kulala ukweni, alikuwa amechukua chumba gesti.

"Shikamoo baba. Naomba mashine ikae hapa, mlango wa gesti siuamini."

"Marahaba mwanangu. Hapa hakuna atakayeigusa."

Nilisema hivyo kwa kinywa hiki hiki.

Sasa, nimetengeneza redio miaka arobaini pale mtaa wa Chemchem, na mtu wa namna yangu ukimwachia kisanduku chenye skrubu nne ni sawa na kumwachia mtoto sukari. Nikasema nitafungua kifuniko niangalie tu. Nikachukua lenzi yangu ya kusomea, nikainama juu ya bodi, na hapo ndipo nilipoona jambo la ajabu: kutoka kwenye kamera kwenda kwenye ubongo wa mashine kulikuwa na njia nyembamba za shaba, na kadhaa kati ya hizo, badala ya kwenda moja kwa moja, zilikuwa zinapinda kushoto, zinapinda kulia, zinarudi, kama mlevi anayetafuta kwake, wakati nafasi ya kupita ilikuwa nyeupe kabisa!

Nilijiuliza sana ni kwa nini. Ningeweza kumpigia simu nikamuuliza, simu ilikuwa mfukoni. Lakini kwenye redio tulijua waya mfupi ndio waya mzuri, mrefu unaokota kelele, nikaamua kijana amekosea na nitamsitiri kimya kimya. Nikakwangua rangi, nikachukua uzi mmoja mmoja wa waya laini, nikalehemu kukata kona zote. Njia sita.

Mke wangu akachungulia. "Baba Nyamizi, unafanya nini na kitu cha mkwe?"

"Naangalia tu."

"Kuangalia gani huko kunakotoa moshi?"

Kesho yake ghala la chama lilijaa. Shija alichelewa kupata usafiri wa kubeba mashine, akafika watu wameshakaa, akaiwasha bila kuijaribu. Mimi nilikuwa nimekaa mbele kabisa, na (Mungu anisamehe) nilikuwa nimewaambia majirani zangu wa benchi kwamba mkono wangu upo ndani ya mashine ile.

Mkulima mmoja, Mzee Nkwabi, akaweka jani lake zuri, la rangi ya dhahabu. Kwenye kioo cha mashine likatokea la zambarau, lenye michirizi ya kijani, limekatikakatika. Mashine ikaandika: HAKUNA JANI.

"Hakuna jani?" akasema Mzee Nkwabi. "Sasa kule bani, kwenye banda la kukaushia, mimi nimekausha nini, mapazia?"

Watu wakacheka. Mwingine akaweka kofia yake. Mashine ikafikiri kidogo, ikaandika: DARAJA LA KWANZA. Hapo ghala likalipuka, mtu akapiga kelele kofia ipelekwe sokoni.

Shija akafungua kifuniko. Akatazama ndani kwa muda, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama chini.

"Wazee wangu, kosa ni langu," akasema. "Sikuikagua asubuhi."

Mwenyekiti wao, Mama Kashindye, akaanza kukusanya karatasi. "Basi kijana, asante kwa kuja. Safari njema ya Dar." Nikamwona Nyamizi kule nyuma amefunika mdomo kwa mkono. Na bado nilikaa kimya, nisiwadanganye, nilikaa kimya mpaka Shija alipoanza kuchomoa nyaya. Ndipo nikasimama.

"Mama, kijana anamsitiri mkwewe. Aliyeharibu ni mimi. Nilikuta njia zimepinda, nikazinyoosha."

"Zilipindiwa nini?" akauliza Mama Kashindye.

Hata mimi nilitaka kujua! Shija akaeleza kwa upole kwamba kila njia inabeba kipande cha picha ileile, vipande vinaondoka pamoja na lazima vifike pamoja, kwa hiyo ile iliyo na safari fupi huzungushwa makusudi hadi urefu ulingane na wenzake.

"Lakini umeme si unafika papo hapo?" nikauliza.

"Kwenye redio zako ungeona hivyo, baba. Hapa mwendo ni wa kasi mno, hata upana wa vidole viwili ni kuchelewa."

"Kumbe paa lilifika kabla ya kuta," akasema Mzee Nkwabi, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mama Kashindye akaweka karatasi chini. "Tutairudia Alhamisi ijayo. Sharti ni moja. Mzee huyu asiingie ghalani."

Alhamisi nilikaa nje, kando ya baiskeli za wakulima, mgongo ukutani. Nilisikia makofi, kisha vigelegele vya Nyamizi. Shija yupo hapa Tabora mpaka leo na mashine inafanya kazi kila msimu, ila sharti lile Mama Kashindye hajaliondoa, na mimi sijaomba aliondoe. Nikikuta kitu nisichokielewa sasa hivi, nampigia simu mwenye kitu kwanza, na lenzi namkabidhi mke wangu mpaka jibu lije.