Mbuzi Aliyekagua Sakafu ya Lori

Asubuhi niliyoanza kazi hii sikuwa natafuta kazi. Nilitoka soko la Muthurwa, nilikokuwa nikibeba magunia, nikafuata barabara tu, na harufu ya mbao mbichi ikaniingiza kwenye karakana ya kuunda bodi za malori huko Kiamaiko. Shule niliiacha darasa la sita. Fundi Mkuu akaniuliza ninajua nini.

"Najua kuuliza maswali."

"Basi shika msasa. Uliza huku unasugua."

Nilimuuliza miezi minane. Kisha akapata msiba kwao Kakamega, na lori la Mama Zuhura, mfanyabiashara wa mbuzi, lilikuwa limebakia kupakwa sakafu tu.

"Chagua mwenyewe cha kupaka," akaniambia. "Mama akilikubali, wewe ni fundi. Akilikataa, rudi kwenye magunia yako."

Sakafu ya mbao isipopakwa kitu hunywa mvua na mkojo, ikaoza kuanzia kwenye ncha. Wenye malori ya mawe walipaka oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Niliikataa, kwa sababu mbuzi hulamba kila kitu. Nikachagua vanishi, nikaipaka mara tatu, mpaka nikajiona uso sakafuni.

Mama Zuhura alikuja na mbuzi mmoja. Ndiyo iliyokuwa desturi yake: hakuchukua lori kabla mbuzi wake hajalipanda. Mnyama alipiga hatua mbili, miguu ikaenda pande nne, akaanguka kifudifudi akilia.

"Buda, umewajengea mbuzi disko!" mchomeleaji akapiga kelele. Karakana nzima ikacheka.

Mama hakucheka. "Mwanangu, umepaka kwa ajili ya macho ya watu. Huyu ana kwato. Akivunjika mguu njiani, utambeba wewe?"

"Nipe wiki moja, Mama."

"Wiki moja. Na huyu huyu ndiye atakayeamua."

Niliiondoa vanishi yote kwa randa na msasa, nikaacha mbao na ukwaru kidogo wa kushika kwato. Safari hii nilichukua mafuta ya kitani yaliyochemshwa, ambayo hayakai juu kama ngozi bali huzama. Mara ya kwanza niliyachanganya na tapentaini ili yaingie ndani zaidi. Ncha za mbao nikazinywesha mpaka zikakataa. Yaliyobaki juu niliyafuta kwa matambara, nikayaanika moja moja, maana yakirundikwa huweza kushika moto yenyewe.

Siku ya saba yule mbuzi alipanda, akanusa, akatembea hadi mwisho, akasimama pale akicheua.

"Amekubali," Mama akasema.

Tangu hapo nimehama karakana nyingi. Miguu yangu haikujua kutulia. Ya mwisho ilikuwa Donholm, na siku niliyostaafu msimamizi alinisindikiza mwenyewe hadi langoni. Kote huko, kabla ya kufungua kopo, niliuliza kwanza nani atakanyaga hapa. Namshukuru Fundi Mkuu, aliyeniachia brashi akaniachia na nafasi ya kukosea.

Na namshukuru Mama Zuhura kwa jioni ya siku ile mbuzi wake alipokubali. Aliniuliza ninalala wapi.

"Karakanani, Mama. Juu ya maranda."

"Fundi wangu halali kwenye maranda."

Alinipeleka nyuma ya nyumba yake, akafungua chumba alichowekea chakula cha mbuzi, akayaburuta magunia nje kwa mikono yake, akatandika mkeka. Nilipoingia niliinama kwanza, nikapapasa sakafu. Ilikuwa ya saruji, yenye ukwaru mzuri. Nikavua viatu.