Televisheni ya Kulipa

Nilikuwa nikisoma matangazo ya Kiswahili katika redio moja ya Arua. Siku moja mwenye duka la ving'amuzi alileta tangazo lake kwa Kiingereza, nikalitafsiri mbio mbio: televisheni ya kulipa. Nililisoma wiki tatu, hakuna aliyelalamika.

Kisha shangazi yangu akanipigia simu kutoka Koboko. Ni mjane, anasuka vikapu. Alisema amefungiwa dishi, picha ni nzuri, ila mwezi unakwisha na hajaona mtu. Nikamuuliza mtu gani.

"Hawa watu ya kulipa," akasema. "Wao nakuja siku gani?"

Nilijibu kwamba nitakwenda kumwona. Baada ya hapo sikuweza kukaa. Niliingia studio, nikatoka, nikamsimulia mwenzangu. Akaniambia ilipaswa kuwa "kulipia"; nilichosema mimi kilisikika kama televisheni inayowalipa watu.

Kesho yake nilipanda gari la Koboko. Njia nzima nilijaribu maneno moyoni, na kila neno niliona litamuumiza. Tulisimama kupakia magunia ya muhogo, nikashuka, nikapanda tena, dereva akaniuliza kama naumwa.

Nilimkuta sebuleni na wanawake wanne, majirani zake, wamekaa kwenye viti vipya vya plastiki. Alikuwa amevinunua kwa ajili yao, akiamini watazamaji wakiwa wengi, malipo yatakuwa makubwa. Nikamwomba tutoke uani.

"Shangazi, ile televisheni hailipi mtu. Wewe ndiye unayeilipia, kila mwezi."

Akanijibu:

"Lakini ni wewe nasema kwa redio. Mimi najua sauti yako."

Nikakiri kwamba nilikosea. Akauliza kama majirani wameshajua. Nikasema hapana. Akarudi ndani akawamiminia chai, nami nikabaki uani nikizungukazunguka, sijui niage au nimfuate.

Mwezi ulipokwisha picha zilikatika. Aliwaambia wenzake kwamba mashine imeharibika. Mimi nililisahihisha tangazo, nikaongeza kuwa mtazamaji ndiye anayelipa. Mwenye duka hakulipenda, akalihamishia kwingine.

Shangazi hajanilaumu hata mara moja. Ila siku hizi nikimtembelea, redio yake iko kwenye kituo kingine, nami nashindwa kumaliza kikombe cha chai kabla sijasimama.