Kikohozi Kisichokuwemo

Juzi nilikuwa kwenye kibanda cha kutilia nyimbo katika simu, sokoni Nchelenge. Mbele yangu mama mmoja, mkimbizi wa kambi ya Mantapala, aliomba albamu ya nyimbo bora za mwimbaji wa pop na roki, muzungu aliyependwa na marehemu mume wake. Kule Kongo mume huyo alizirekodi kutoka redioni: kinasa sauti mbele ya redio, nyumba nzima kimya. Kaseti ilibaki walipokimbia.

Wimbo wa tatu ulipofika katikati, mama akainua kidole.

“Apa njo alikuwa anakohoa.”

“Nani, mama? Mwimbaji?” akauliza mwenye kibanda.

“Hapana. Bwana yangu.”

Wimbo ukapita, safi kabisa.

“Kwani iko mubaya?” akauliza mwenye kibanda.

“Iko muzuri sana,” akasema mama, kidole bado juu. “Rudisha kidogo.”

Albamu ile ina kila wimbo uliopendwa na dunia, na haina hata kelele moja ya nyumbani kwa mtu. Eti hiyo ndiyo sifa yake.

Mwenye kibanda akarudisha. Ulipofika palepale, mama akaziba mdomo kwa kitenge, akakohoa mwenyewe.