Wageni wa Injinia Kurji

Simu ya marehemu iliita tena saa nne asubuhi, na Malti akaitazama pale mezani kama mtu anavyomtazama mgeni wa tano kwa siku moja. Alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umeisha, ni ule unaokaa magotini na mgongoni na hata kwenye maneno. Mumewe alikuwa na wiki tatu tangu afariki, na simu yake haijanyamaza, na kila anayepiga anamtaka Injinia.

Injinia ndiye mzee Kurji, na Singida mjini hakuna aliyehitaji kuuliza ni Injinia yupi. Alizaliwa hapa hapa, nyuma ya duka la baba yake la kanga na chumvi. Akaenda India kusomea mitambo, akarudi na sanduku moja la nguo na matatu ya vyuma, akafungua karakana mtaa wa Utemini. Ndugu zake walipoanza kuhamia Uingereza mmoja mmoja, walimwandikia wakimsihi awafuate. Aliwajibu kwamba atakuja akimaliza kutengeneza pampu ya maji ya Mandewa. Pampu hiyo ikapona, ikaharibika nyingine, na kwa mtindo huo mtu akafikisha miaka themanini na minne.

Mfanyabiashara alikuwa, ndiyo. Mashine zake za kukamua alizeti zilifika Manyoni na mbali zaidi. Lakini alikuwa mfanyabiashara wa ajabu. Miaka ile ya shida ya vipuri aliifungua mashine yake mwenyewe, akachomoa beringi, akaipeleka kwenye jenereta ya hospitali, na mashine yake ikalala miezi minane. Siku nyingine alitoka na gari akarudi kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi, kwa sababu betri aliiacha kwenye zahanati fulani huko porini. Malti alimuuliza, "Na gari je?" Akajibu, "Gari haliumwi."

Watu waliyasimulia hayo siku zote za msiba, wakicheka na kufuta machozi. Jiko hakuna aliyelisimulia. Maana kila aliyesaidiwa na Injinia alikuja nyumbani, na kila aliyekuja alikula. Malti aliletwa kutoka Tabora akiwa bibi harusi wa miaka ishirini, na kwa miaka hamsini na miwili alisukuma chapati za madereva, za mafundi, za wanavikundi waliokosa basi la kurudi kwao. Mumewe alimpenda, hilo halina ubishi. Lakini zilikuwepo pia siku alizomkasirikia hata akashindwa kumwitikia.

Mwanawe Prashant alikuwa chumbani akifunga mabegi. Kesho wangekwenda Dar es Salaam, mama akapumzike.

"Mama, laini hiyo niitoe?" akauliza kwa sauti. "Au uwaambie tu ukweli, waache kupiga."

Kuwaambia ndiko kulikomshinda. Waliokuja msibani walikuwa wanajua, hawakuhitaji kuambiwa. Wale wa mbali ndio aliowaambia, "Hayupo, amesafiri, piga siku nyingine." Kila aliposema hivyo, Injinia alikuwa bado hai kwa mtu mmoja, na Malti aliona nafuu kidogo.

Akapokea.

"Shikamoo mama. Ni Damari, wa kikundi cha alizeti, huku Manyoni vijijini."

"Marahaba, Damari." Sauti hii aliijua. Ilikuwa imepiga mara tatu, na mara zote tatu aliidanganya.

"Mzee amerudi?"

"Kwani mashine bado inasumbua?"

"Tumeizima, mama, tangu siku ile ya kwanza niliyopiga. Ililia kwa ndani kama inasaga mawe. Tunamsubiri aisikilize."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Injinia. Zamani aliweka ncha ya bisibisi kwenye mashine na mpini sikioni, akasikiliza kilicho ndani. Magoti yalipokataa safari, akawa anasikiliza kwa simu. Unaisogeza simu, unaiwasha mashine kidogo, naye huku amefumba macho anakwambia kilichoharibika. Mara nyingi alipatia. Ila alikuwa na kiburi chake: mashine aliyoiunda yeye, asiiguse mtu kabla hajaisikia, na wateja wake wote walilijua hilo.

"Hamkumwita fundi?" Malti aliuliza.

"Alikuja mmoja kutoka mjini na vifaa vyake. Tukamrudisha, tukamwambia mzee hajaisikia." Damari akasita. "Ila mama, magunia yamejaa mpaka nje. Wenzetu waliotoka mbali wanalala hapo hapo kwenye maturubai, na baridi hii ya mwezi wa sita. Wananiuliza kila siku. Mimi nawaambia Injinia hajawahi kututupa."

Malti akakaa. Aibu ilimpanda mpaka usoni. Kumbe wakati yeye anajifariji kwa uongo wake, watu walikuwa wanalala nje kwa ajili ya uongo huo huo.

"Damari, nisikilize. Hajasafiri. Amefariki. Ulipopiga mara ya kwanza tulikuwa tayari tuko msibani. Nimekudanganya, mwanangu, nisamehe."

Upande wa pili akamsikia Damari akiwaambia wenzake kwa Kigogo, na wanawake wakaangua kilio. Malti aliwasikiliza. Yeye mwenyewe alikuwa bado hajalia hivyo. Tangu msiba uingie alikuwa akihangaika na wageni.

"Mwiteni yule fundi leo hii," Malti akamwambia Damari aliporudi kwenye simu. "Aifungue. Mwambieni mke wa Injinia ameruhusu."

"Sawa, mama. Amezikwa wapi? Tuje kaburini."

"Sisi Wahindu hatuziki, Damari. Mwili tunauchoma. Hana kaburi."

Damari alihema. "Sasa mama, sisi tukitaka kumlilia twende wapi?"

Malti akayatazama mabegi, mawili tayari yako mlangoni. Alikuwa amechoka, Mungu ndiye anayejua alivyochoka, lakini jibu jingine hakuliona.

"Njooni hapa nyumbani. Mko wangapi?" Alikuwa ameshaanza kupima unga kichwani.

"Kama ishirini. Ila wewe usipike, mama. Jiko usiliguse kabisa. Tunakuja na unga wetu na kuni zetu. Wewe ndiye mfiwa, wewe ukae tu, tukulilie na wewe."

Katika miaka hamsini na miwili hakuna mgeni wa Injinia aliyewahi kumwambia hivyo. Damari akakata simu, na Malti akaanza kulia, kilio kikubwa cha kufungua kinywa, hata Prashant akatoka mbio chumbani na shati mkononi.

"Mama! Nani huyo? Anamtaka baba?"

"Hapana," Malti alisema. "Ni wageni wangu. Tiketi ya kesho irudishe."