Jino Moja la Msumeno

Kila Bi Sichana alipoitaka pesa yake, aliambiwa bei imeshuka.

Si kwamba aliitaka kila siku. Mwanamke anayekaanga badia na kachori uani kwake Jang'ombe tangu alfajiri hana nafasi ya kumwandama kaka yake. Lakini mara chache alizokwenda, Mahfoudh alimkaribisha barazani, akaagiza aletewe chai, akatoa simu yake kubwa, akaitanua picha kwa vidole viwili na kumsogezea usoni.

"Tazama mwenyewe, Sichana. Unauona mstari huu? Umepanda, umepanda, halafu hapa pu! Chini. Ukiuza leo unakula hasara. Kunywa chai, subiri ipande."

"Mara ile ulinambia hivihivi, kaka."

"Na mara ile ilikuwa hivihivi. Mie nifanyeje? Bei naipanga mie?"

Bi Sichana aliutazama mstari. Kusoma hajui, lakini macho anayo, na kushuka aliona kweli kumeshuka. Akanywa chai, akarudi kwake kwa miguu, moyo umemvimba na mtu wa kumlaumu hana.

Pesa yenyewe ilitokana na shamba la marehemu baba yao, Mkokotoni. Lilipouzwa na kila mtu kupewa fungu lake, Mahfoudh alimwambia dada yake asiiweke pesa ndani ikaliwa na wakopaji. Mjini kuna mfuko, alisema, unakusanya pesa za watu na kununua hatifungani za muda mfupi, yaani unaikopesha serikali na makampuni makubwa, nao hurejesha na nyongeza. Unaponunua unapewa vipande, na kila kipande kina bei yake ya siku. Akamjazia fomu mwenyewe. Sichana kazi yake ilikuwa kutia dole gumba pale alipoonyeshwa, akatia. Usipomwamini uliyenyonya naye ziwa moja, umwamini nani?

Na elimu hiyo ya Mahfoudh, anayejua anajua imetoka wapi. Sichana alitolewa skuli kabla hajazijua herufi zote, akakalishwa na mama yake kupiga makumbi ya nazi pwani na kusokota kamba. Kamba zikiuzwa, Mahfoudh ananunuliwa madaftari. Hakuna aliyemuuliza mtoto wa kike anataka nini. Viganja vyake vilichanika ili macho ya mwenziwe yafumbuke, na sasa macho hayohayo ndiyo yanayomsomea bei, na kila siku humsomea kushuka.

Miaka minne ilipita hivyo. Mwaka huu ndio haukumruhusu kusubiri. Bi Time, mwenye nyumba, aliamua kuuza banda la uani, chumba na kiukumbi, alimopanga Sichana tangu alipopewa talaka.

"Nakuuzia wewe kwanza kwa kuwa nshakuzoea," Bi Time alimwambia. "Lakini mwezi ukiisha sina tena la kukungojea. Kuna mtu keshatoa bei, na yeye hataki mpangaji wala moshi wa mafuta."

Sichana akaenda mbio kwa kaka yake. Barazani, chai, simu, vidole viwili.

"Imeshuka, mama. Kwa nini hunisikii?"

Safari hii chai hakuinywa.

Siku ya pili alifunga kazi, akavaa buibui lake zuri, akashuka mjini peke yake mpaka ofisi ya mfuko, ghorofani nyuma ya Darajani. Kijana wa mapokezi alimsikiliza nusu, akamjibu huku akitazama kioo cha kompyuta yake.

"Bei za nyuma zote zipo kwenye tovuti, mama. Unapakua tu."

"Kupakua nnakokujua mimi ni kwa wali, mwanangu. Sikuja kula."

"Basi mlete mtu anayejua kusoma."

"Anayejua kusoma ninaye. Ndiye aliyenileta hapa nilipo."

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Watu wakageuka. Uso ulimwaka, akashika ukuta wa ngazi ashuke aende zake, hapo msichana mmoja wa dawati la ndani akanyanyuka. Jina lake Ulfat, mwembamba, mtandio wa kijivu.

"Shikamoo, Bi. Njoo ukae huku. Unataka bei ya leo?"

"Marahaba. Ya leo nshaambiwa, imeshuka. Nataka za nyuma zote, tangu nilipotia kidole changu mpaka jana."

Ulfat aliomba kitambulisho, akaandika, kisha akamgeuzia kioo cha kompyuta. Mstari ni uleule wa simu ya Mahfoudh, ila sasa haukutanuliwa na vidole vya mtu. Ulilala wote, miaka minne, kutoka ukingo hadi ukingo. Ulipanda taratibu, ukaanguka ghafla. Ukapanda taratibu, ukaanguka ghafla. Tena na tena, urefu uleule, nafasi ileile.

Bi Sichana aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Huu msumeno," alisema.

"Wengi husema hivyo."

"Mimi naonyeshwa jino moja tu." Akauliza polepole, kama anayepapasa kitu kizani. "Mwanangu, hasara mimi naijua. Ninauza badia. Hasara inakuja siku mvua imeshika, siku mafuta yamepanda, siku mtaani kuna msiba. Haina tarehe. Hii yenu mbona inakuja kwa miadi?"

Ulfat akacheka, si kwa kumcheka. "Kwa sababu si hasara, Bi. Hatifungani zinaingiza nyongeza kidogo kidogo kila siku, ndiyo maana bei inapanda. Kila miezi sita ile nyongeza inatolewa, wanagawiwa wenye vipande. Tunaita gawio. Likishatoka, bei inarudi chini, maana kilichokuwa ndani kimetoka."

"Kama mbuzi mwenye mimba."

"Vipi?"

"Mnadani mbuzi mwenye mimba ana bei yake. Akishazaa bei inashuka. Lakini hakuna aliyepata hasara, mtoto si yupo?"

"Hasa, Bi! Mtoto ndiye gawio."

Bi Sichana hakufurahi. Alikaa kitako, mikono mapajani.

"Basi mbuzi wangu keshazaa mara zote hizo. Watoto wake wanakwenda zizi la nani?"

Kicheko kikamwishia Ulfat. Akabonyeza, akasoma, akasoma tena.

"Gawio lako linakwenda benki, akaunti yenye jina la Mahfoudh. Mlijaza hivyo tangu mwanzo."

"Tulijaza?"

"Dole gumba lako lipo, Bi."

Bi Sichana alikuwa anaziona chai zile zote za barazani. Aliliona bati jipya la nyumba ya Mahfoudh, lililompendeza akalisifu mwenyewe, akamwombea na baraka.

"Hayo yaliyokwenda yanarudi?"

"Kwetu hayarudi. Tumelipa kama fomu inavyosema. Labda umdai aliyeyapokea."

"Jingine linatoka lini?"

"Wiki ijayo. Tunaweza kubadilisha akaunti, lakini kwa hili la sasa tumeshachelewa, orodha ya akaunti za kulipia imefungwa. Ukiwa bado na vipande siku hiyo, litakwenda kulekule."

"Na leo tupo wapi kwenye msumeno?"

Ulfat akaweka ncha ya kalamu juu kabisa, penye kilele cha jino la mwisho.

"Imeshuka!" Sichana alisema kwa kinywa cha kaka yake. "Jana kaniambia imeshuka, kumbe kanionyesha jino la zamani. Nikiuza leo, je?"

"Unalipwa bei ya leo, na nyongeza yote bado imo ndani. Na pesa ya vipande haiendi ila kwa mwenye jina. Una akaunti yako?"

Anayo, ndogo, aliyofunguliwa na kikundi cha akina mama wa mtaani.

"Basi niuzie," alisema. "Mbuzi na mimba yake."

Pesa iliingia kabla mwezi haujaisha, na Bi Time akaipata yake. Ilitosha banda, haikutosha mlango. Ule wa zamani ulikuwa umeliwa na mchwa, ikabidi atundike gunia. Kila akilipita gunia lile alihesabu kimoyomoyo magawio ya miaka minne, akaona mlango wa mninga, akaona na dirisha, akasonya.

Wiki iliyofuata gunia lilifunuliwa. Alikuwa Mahfoudh. Tangu dada yake aachwe hajawahi kufika hapo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Sichana, umekwenda kufanya nini kule ofisini?"

"Kwani kimeharibika nini?"

"Mbona halijaingia..." Akakoma.

Bi Sichana aligeuza badia moja moja kwenye mafuta. "Malizia. Halijaingia nini?"

Mahfoudh akavuta kigoda, akakaa, akajikohoza kama anayeanza darsa. "Nisikilize. Ile nyongeza wengine wanasema ni riba. Wewe mwanamke, umekaa eda, una sala zako, sikutaka uingie katika maneno hayo. Nikaiweka kwangu. Nilikunusuru."

"Ukanibebea dhambi."

"Naam."

"Ukaiezekea nyumba."

"Sichana! Tutavunjiana udugu kwa sababu ya vishilingi?"

"Nirudishie vishilingi, kaka. Dhambi nitatafuta mwenye elimu anieleze, na kama ni yangu nitaibeba mwenyewe. Nilibeba makumbi, itanishinda hiyo?"

Mahfoudh alitazama chini. Alisema mambo yalikuwa magumu, alisema watoto, alisema ada. Kurudisha hakusema. Mkono wake ukaenda mfukoni kwa mazoea, ukatoka na simu, ukabaki umeishika bila ya kujua umwonyeshe nani nini.

Bi Sichana akafuta mikono, akammiminia kikombe cha chai, akamwekea miguuni.

"Kunywa chai, kaka," alisema. "Subiri ipande."

Akarudi kwenye karai. Badia ya mwisho ilikuwa imeungua.