Mwezi Niliocheza kwa Jina la Mama Daisy

Kiyoyozi cha chumba cha Anti Nekesa kilikoroma kuliko Anti Nekesa mwenyewe. Kilikuwa cha zamani, kimechomekwa katika tundu la dirisha na kuzibwa pembeni kwa maboksi, na kila kilipowaka kilianza kwa kikohozi, kikafuatia ngurumo, halafu kikatulia na kudondosha maji katika kopo la maziwa ya unga lililotegwa chini yake. Nikiusikia mlio wa namna hiyo hata leo, hunijia pia harufu ya rangi ya viatu na ya sare nzito iliyotundikwa nyuma ya mlango. Tulikaa Al Rayyan, kando ya jiji la Doha, katika nyumba kubwa iliyogawanywa ikawa makao ya watu wengi. Baba, mama na mimi tulikuwa na vyumba viwili upande wa nyuma, na Anti Nekesa alikuwa na chumba kimoja mkabala na jiko la pamoja. Nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa muuguzi, akitoka kabla ya jua. Baba alikuwa dereva, akitoka saa mbili. Shule ilikuwa imefungwa kwa ajili ya joto, na joto lenyewe lilikuwa la kuunguza kiganja ukishika komeo la geti. Kwa hiyo kila asubuhi nilikabidhiwa kwa Anti Nekesa, ambaye saa hiyo ndiyo kwanza alikuwa akirudi kutoka kazini.

Hakuwa ndugu yetu wa damu. Sisi ni watu wa Meru, yeye alitoka Webuye, na mama alikutana naye kanisani. Alikuwa mlinzi katika ukumbi wa mnara mmoja kule West Bay, zamu ya usiku, kazi ya kusimama wima kwa muda wa saa kumi na mbili ukiwasalimu watu wasiokutazama. Basi la kampuni lilimshusha saa moja na nusu asubuhi. Alivua viatu, akavipiga rangi palepale ili jioni isimkute na kazi mbili, akanywa chai na khubzi, mkate bapa wa Kiarabu, kisha akanipa sharti lake, lile lile kila siku: "Makena, nyumba ikiungua niamshe. Isipoungua, niache." Alikuwa amelala kabla sijaitikia.

Huko Webuye alikuwa na binti, Daisy, mwenye miaka kumi na mmoja, aliyemwacha kwa kukhu wake, yaani bibi yake, miaka mitatu nyuma. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na nadhani fimbo ya Anti Nekesa ilikuwa imeanza kutofika hata kichakani. Alipiga simu kila Ijumaa. Kwa kuwa spika ya sikioni ilikuwa imeharibika, alizungumza kwa sauti kubwa iliyosikika chumba kizima, nami niliyajua mazungumzo yao kwa moyo. Umekula? Ndiyo. Shule je? Iko sawa. Na kukhu? Yuko. Kisha salio likaisha, na sikumbuki kuona yeyote kati yao akisikitika lilipoisha.

Jambo moja tu Daisy aliomba. Mjomba wake, mwenye mashine ya kusaga mahindi, alikuwa na simu nzuri, na kila siku saa nne asubuhi, wakati wa likizo ile ya Agosti, alimwachia acheze mchezo wa karata kwa saa moja. Simu yenyewe aliifunga kwa namba ya siri, ujumbe, picha na vyote, akabakiza mchezo peke yake. Daisy alitaka mama yake acheze naye. Saa ya Doha na saa ya Webuye ni moja, kwa hiyo Anti Nekesa alikubali, akaupakua mchezo, akajiandikisha kwa jina la Mama Daisy. Siku ya kwanza alisinzia kidole kikiwa juu ya karata. Siku ya pili alisinzia kabla ya kugawa. Ijumaa Daisy alimuuliza, bila hasira, "Mama, huwa unalala?" na Anti Nekesa akacheka kicheko kisicho chake. Jumamosi asubuhi alinipa simu. "Cheza wewe," alisema, akiwa tayari amefunga macho. "Akishinda ni sawa. Usimwache tu angoje."

Sikujua lolote. Mchezo wenyewe, ukiuelewa, ni mwepesi: kila mchezaji huanza na mioyo ishirini, na mkononi ana karata za wanyama. Kila mnyama ana nguvu yake, na kumweka mezani ni lazima ulipe matone ya maji. Zamu ya kwanza una tone moja, ya pili mawili, hivyo hivyo kuendelea. Wanyama wako hupigana na wa mwenzako au huishambulia mioyo yake, na mioyo ikiisha umeshindwa. Mimi nilimweka mezani kila mnyama niliyeweza kumlipia, mara tu nilipoweza, nikashangaa kubaki mikono mitupu huku Daisy akishusha tembo. Nilishindwa siku nne mfululizo. Hatukuweza kuandikiana, mchezo uliruhusu maneno machache yaliyoandaliwa, unabonyeza yanatokea: Habari, Asante, Umecheza vizuri, Lo, Samahani, Ngoja kidogo. Daisy alikuwa fundi wa kuyatumia. Nilipotaka kufanya upuuzi alituma Ngoja kidogo, akaacha zamu yake ipite polepole ili nifikiri. Nilipopata wazo, alituma Lo. Mvumilivu hula mbivu, tulifundishwa darasani, lakini aliyenifundisha maana yake ni yule msichana nisiyewahi kumwona, ambaye alidhani anamfundisha mama yake.

Sikuwa na ndugu. Pengine hilo linaeleza kwa nini kufikia wiki ya pili niliamka kabla ya kuamshwa, nikaoga, nikakaa sakafuni karibu na kopo la maji kuingoja saa nne. Nilijifunza kuficha karata nzuri hadi mwisho. Alhamisi moja nilijifanya nimeishiwa, nikamwacha Daisy aisogelee mioyo yangu, kisha nikamshusha nyati niliyemtunza tangu mwanzo, nikashinda. Kesho yake ilikuwa siku ya simu.

"Mama! Jana umeniweza!" Daisy alipiga kelele kabla hata ya salamu. "Nilidhani huna kitu, kumbe umeficha mnyama mzima!"

Anti Nekesa alinitazama. Nikaweka vidole viwili kichwani kama pembe.

"Eh, nyati," alisema. "Nyati si wa haraka. Nyati ni wa kungoja."

Daisy alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaendelea mwenyewe, bila kuulizwa: mwalimu wa hesabu amehama, kuku mweupe ameatamia, kukhu analalamika goti, yeye mwenyewe amekuwa mrefu na viatu vya shule havimtoshi. Anti Nekesa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kiganja kimefunika mdomo. Simu ilipokatika alisema, "Leo ameongea," akalirudia neno hilo, kisha akanikaangia mayai saa ambayo alipaswa kuwa amelala. Nilijiona nimefanya jambo jema. Njia ya mwongo ni fupi, husemwa, lakini ukiwa juu yake huwa imenyooka na ina kivuli.

Jumanne ya wiki ya nne Daisy aliingia mapema, kama saa tatu na nusu. Nilifurahi. Nikaweka karata yangu. Yeye hakuweka yake. Alituma Samahani. Nikasubiri. Akatuma Ngoja kidogo, kisha Samahani, kisha Samahani tena. Nilidhani ni mtego, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimejifunza kutega. Nikaishambulia mioyo yake zamu baada ya zamu, naye hakuzuia hata mara moja, akawa anatuma tu maneno yale mawili, na ilipoisha nikatuma Umecheza vizuri. Papo hapo akaniita tena. Nikamshinda tena, haraka zaidi. Aliponiita mara ya tatu mchezo ulikuwa umenichosha, na nilikuwa na njaa. Nikabonyeza kitufe cha kukataa, nikaenda jikoni kutafuta mkate. Anti Nekesa alikuwa amelala hatua mbili kutoka niliposimama, uso ukutani, mdomo wazi kidogo.

Alipoamka mchana aliniuliza, "Leo vipi?"

"Nimemshinda mara mbili."

"We! Umekuwa mkali," alisema, akanigonga kiganja.

Saa kumi alasiri mjomba wa Daisy alipiga simu. Asubuhi ile kukhu alianguka jikoni, nyonga ikavunjika. Mjomba alikuwa ameenda Bungoma kutafuta mkanda wa mashine, simu ameiacha nyumbani ikichajiwa. Daisy alitaka kukimbilia kwa jirani, lakini kukhu alimshika mkono akakataa kuachwa peke yake, na njia ilikuwa na matope, na mvua ilikuwa inapiga. Mtoto akavuta simu kwa waya wake. Kila kitu kilikuwa kimefungwa isipokuwa mchezo, na kwenye mchezo, jina la Mama Daisy lilikuwa linawaka kijani. Jirani alikuja mwenyewe karibu na adhuhuri. Sasa kukhu alikuwa hospitalini, hali yake si mbaya. "Huyu hapa Daisy," mjomba alisema.

"Mama, si nilikuwa nakuita?" Sauti yake ilikuwa tulivu kuliko nilivyotazamia. "Nilikuita mpaka ukanikataa."

"Daisy wangu..."

"Mbona ulikuwa unanipiga tu?"

Anti Nekesa alinitazama. Nimekuwa mtu mzima, na najua sasa majibu aliyokuwa nayo: mtandao ulisumbua, simu ilikuwa mfukoni, mkubwa wa kazi aliniita. Hakutumia hata moja.

"Sikuwa mimi," alisema. "Ni Makena, mtoto wa hapa tunapokaa. Mimi nilikuwa nimelala."

"Leo?"

"Leo, na siku zote."

Tulisikia mvua juu ya mabati, wazi kabisa, kana kwamba inanyesha Al Rayyan.

"Hata ile ya nyati?"

"Hata ile."

Simu ikakatika. Haikuwa salio.

Anti Nekesa hakunigombeza. Mama ndiye aliyetugombeza wote wawili jioni, akiwa bado na sare ya kazi. "Wewe mtu mzima," alimwambia, "unampaje mtoto kazi ya umama?" Kisha akanigeukia. "Na wewe, mtu anakuomba samahani mara zote hizo, unaendelea kumpiga?" Nilijibu kwamba hivyo ndivyo mchezo unavyochezwa, jibu ambalo lilikuwa kweli na ambalo nimeona haya kulikumbuka tangu siku hiyo.

Wiki ile, akingoja ruhusa ya kwenda nyumbani, Anti Nekesa alirudi kila asubuhi, akapiga viatu rangi, na badala ya kulala akakaa wima kitandani. "Nifundishe," aliniambia, "lakini usiguse simu." Nilimfundisha. Macho yake yalikuwa mekundu, alisahau matone, aliwachanganya fisi na mbwa mwitu. Kila siku saa nne alimwita Daisy, na kila siku Daisy alikataa. Siku ya tano akakubali. Anti Nekesa aliweka kila mnyama mezani mara tu alipoweza kumlipia, kama nilivyofanya mimi mwanzoni, akabaki mikono mitupu. Nadhani ubovu wa mchezo wake ndio uliomtambulisha. Daisy hakumpunguzia, alimmaliza katika zamu sita. Hakutuma neno lolote. Anti Nekesa aliitazama skrini mpaka ikazima yenyewe, akasema, "Ni haki yake," akalala.

Alipewa majuma mawili. Aliporudi alitusimulia kwamba Daisy hakumkimbilia; alimpa mkono kama mgeni wa shule, akambebea mfuko. Siku nyingi walikaa hospitalini pande mbili za kitanda cha kukhu. Siku ya kuondoka, msichana alimsindikiza hadi kituo, akamuuliza ni saa ngapi hasa huwa macho. Basi wakawa wanacheza Jumapili jioni, kabla ya zamu. Mimi sikuitwa tena. Nilikaa na vitabu vyangu sakafuni, nikisikia milio midogo ya karata kutoka upande wa pili wa mlango, nami nikamkosa Daisy kwa uchungu ambao sikuwa na haki nao na ambao sikumweleza mtu.

Sasa nina miaka ishirini na mitano. Wazazi wangu walirudi Meru, Anti Nekesa alikwisharudi kwao kabla yao, na kukhu alitembea kwa mkongojo miaka kadhaa kabla ya kufariki. Daisy sijawahi kuzungumza naye. Mimi nilibaki, ni muuguzi kama mama, nakaa Al Wukair, kusini mwa Doha, katika chumba chenye kiyoyozi kisicho na sauti, na ninafanya zamu za usiku. Watoto wa wenzangu waliowaacha nyumbani huwaona wazazi wao kwenye simu saa yoyote, uso kwa uso, hata wakipiga mswaki. Zamani ile haiwezi kulinganishwa na hali hii, watu huniambia, nami huwakubalia. Kwa miaka mingi nilimhukumu Anti Nekesa kwa usingizi wake kuliko nilivyojihukumu mimi. Nilihitaji kufanya kazi usiku ili nijue kwamba usingizi wa saa nne asubuhi hauchaguliwi. Unakuchukua tu, kama maji.

Mwezi uliopita niliamka saa nane mchana nikakuta mama amenipigia mara nne, zote saa nne na kitu. Nilimpigia papo hapo. Alicheka. Halikuwa jambo, alisema, alitaka tu kunisimulia habari ya ng'ombe wa jirani aliyeingia kwenye maharagwe, na sasa imeshapita. Nilikaa kitandani nikavuta mto mgongoni. Nikamwomba anisimulie hata hivyo, yote, tangu mwanzo.